Ndugu wa Mfalme Hakutoka Nje

Ndugu wa mfalme wa Uha hakutoka nje. Alikaa kijijini kwake, akatuma watu wawili kudai doti 30 za nguo, na kwa kitendo hicho kimoja akaingia katika historia ya maandishi na kutoka humo humo, bila jina, bila sura, bila hata kikohozi. Yumo katika How I Found Livingstone, kitabu cha Henry Morton Stanley kilichotoka mwaka 1872, kwenye kurasa chache zinazosimulia mapema Novemba 1871 (kwa hesabu ya Stanley mwenyewe), wakati msafara wake ulipokuwa ukiikata nchi ya Waha kuelekea Ujiji. Kurasa hizo nimezisoma mara nyingi kuliko zinavyostahili. Kila nikizirudia namtafuta mtu yule yule, na kila mara nakuta mlango umefungwa.

Watu wa Kigoma mjini wanakipenda kitabu hiki kwa sababu ya mwembe wa Ujiji na salamu ya Stanley kwa Livingstone iliyotembea dunia nzima. Sisi wa huku juu, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, tumo katika sura inayotangulia salamu hiyo, na tumo vibaya. Tumo kama lango la ushuru. Sikai hapa kuwatetea babu zetu, maana walitoza na walitoza sana. Ninachotaka ni kuangalia sentensi zilivyopangwa, kwa sababu mpangilio huo ndio ulioamua nani katika nyumba ya kifalme ya Uha awe mtu, na nani awe stakabadhi.

Tuanze na anayetoka nje. Kabla ya ndugu wa mfalme, Stanley anakutana na Mionvu, mtwale, yaani mkuu, wa Kimenyi, ambayo anaieleza kuwa sehemu ya mashariki ya Uha. Mionvu hapewi heshima, lakini anapewa mwili. Anakuja na watu wake, amevaa joho jekundu, kichwani kilemba cha nguo mpya. Anauliza na kujibu, anasimama na kukaa, anadai nguo 100, anabishana hadi zinafika 75. Stanley anawaza kupigana, watu wake wanamtazamisha uwanda ulivyo wazi, hauna pa kujificha, na malipo yanatolewa. Ni tamthilia ndogo. Ina jukwaa, mavazi, majibizano, na mtu anayemkera mwandishi hadi mwandishi anashindwa kumsahau. Chuki nayo ina faida zake katika sanaa: anayechukiwa huangaliwa kwa makini. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, jina la mtoza ushuru tunalo.

Kisha msafara unasogea, unapiga kambi, na mwandishi anaambiwa kuwa hapo alipofikia ni makazi ya ndugu wa mfalme. Hazijapita saa mbili za mapumziko, wanaingia hemani watu wawili. Si Waha. Ni Waungwana, kwa maana ya enzi ile, watu wa pwani, nao ni watumwa wa Thani bin Abdullah, mfanyabiashara Mwarabu wa Unyanyembe aliyekuwa akifahamiana na Stanley. Hao ndio kinywa cha ndugu wa mfalme. Wanataja doti 30, na hapo nathari ya Stanley inavunjika vipande: alama za mshangao zinafuatana, sentensi zinakuwa fupi fupi, Mungu anaitwa, swali linaulizwa bila kusubiri jibu. Mwandishi ametoka katika kusimulia na kuingia katika kulia. Na anayemliza hayupo hemani.

Angalia sarufi yenyewe. Kijiji cha ndugu wa mfalme. Mtu huyu ameumbwa kwa a-unganifu mbili, cha na wa. Kwa mkono mmoja ameshikwa na kijiji, kwa mkono wa pili ameshikwa na kaka yake aliye madarakani, na katikati hapana kitu. Kitenzi chake kimoja tu ni kudai. Hata hicho hakitendi mwenyewe, kinatendwa na wajumbe. Watumwa wa Thani wana vitenzi kumshinda: wanaingia, wanasema, wanaulizwa, wanajibu, na mmoja wao baadaye anakubali kuwa kiongozi wa njia kwa malipo ya nguo. Katika ukurasa ule mtumwa ni mhusika na ndugu wa mfalme ni anwani.

Halafu kuna neno lenyewe, ndugu. Stanley ameandika kwa Kiingereza neno linalomaanisha kaka, basi. Lakini watumwa wale na watu wa msafara, kiongozi wao Bombay na wenzake, wangeongea lugha gani kama si Kiswahili? Naamini kilichotamkwa hemani ni ndugu, na ndugu yetu sisi ni pana kama busati la msibani. Anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, mtoto wa baba mdogo, binamu, mtu wa ukoo aliyelelewa nyumba moja na mfalme. Neno lililoingia hemani likiwa na milango minne lilitoka kitabuni likiwa na mmoja. Kwa hiyo hata kile kidogo tunachoambiwa juu yake, kwamba alikuwa kaka wa mfalme, ni tafsiri iliyokatwa kwa mkasi. Utani wa historia ni kwamba uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, haikuchukua muda kila mtu akawa Ndugu, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi Rais. Ndugu wa mfalme alipoteza mfalme akabakiwa na cheo kimoja na sisi sote.

Neno la pili ni hongo. Stanley analiandika honga, kwa maana iliyoeleweka na kila msafara wa siku zile: malipo ya kupita katika nchi ya mtu. Msomaji wa leo wa Kasulu akilisikia hilo, akili yake inakimbilia kwenye bahasha chini ya meza. Kwa hiyo ukisimulia kisa hiki kwa Kiswahili cha sasa, unamhukumu ndugu wa mfalme kabla hujamaliza sentensi, maana alichokiona yeye kuwa haki ya kiti chake lugha yetu imekigeuza kosa la jinai. Nimejaribu kuwasomea vijana kwa kusema "ushuru" badala ya "hongo", na chumba kizima kilibadilika uso. Kwa neno moja tu, jambazi akawa serikali.

Na alikuwa serikali, kwa kiasi chake. Stanley anawauliza wale watumwa kama njia sasa ni nyeupe, anajibiwa kuwa mbele kuna wakuu wengine watano, mwendo wa saa chache kati ya mmoja na mwingine, na kila mmoja atataka chake. Yeye anayasoma haya kama orodha ya majambazi. Mimi nayasoma kama katiba. Ni nchi ambayo mfalme haishi njiani; njiani wanakaa watu wake na watwale wake, kila mmoja na kijiji chake na lango lake. Neno mtwale lenyewe, au mutware, linasema hivyo: gutwara, kwa Kirundi, ni kuchukua, kubeba, na pia kutawala. Kule Burundi wana wa mfalme, baganwa, walikabidhiwa sehemu za nchi namna hiyo hiyo. Kudai, basi, hakukuwa tabia ya mtu. Kulikuwa ndiyo kazi yake ya ukoo. Mtoto wa mfalme asiyerithi kiti hurithi kipande cha barabara.

Ila hadithi ya safari haina nafasi kwa katiba. Inahitaji usiku, mbalamwezi, mianzi, watu wananyata. Na ndivyo inavyokwenda: msafara unatoroka usiku kwa makundi madogo, mwanamke mmoja anaanza kupiga mayowe na ananyamazishwa kwa nguvu, njia inaachwa, wakuu watano wanakwepwa, na siku chache baadaye Ujiji inaonekana. Kwa jicho la muundo, ndugu wa mfalme alikuwa na jukumu moja, kumchosha mhusika mkuu hadi atoroke. Akishalitimiza, kitabu hakimhitaji. Hatuambiwi alfajiri ile alipoambiwa kuwa kambi iko tupu alifanya nini. Hiyo ndiyo sentensi ninayoitaka kuliko zote, na ndiyo ambayo Stanley asingeweza kuiandika, maana alikuwa ameshakimbia.

Juzi nilikwenda sokoni Kasulu kwa muuza kanga ninayemfahamu. Nikamwomba anipangie doti kumi mezani, zikiwa zimekunjwa.

"Mwalimu, unaoa au unafungua duka?" akaniuliza.

Alizipanga. Zilifika kimo cha shubiri moja, kingo zake nyekundu na njano zimepangana kama kurasa. Doti ya 1871 ilikuwa shuka mbili, yadi nne hivi. Ya leo ni kanga mbili zilizoungana zikisubiri mkasi na pindo, na kwa urefu hazijapishana sana. Nikamwambia kulikuwa na mtu hapa Buha, Uha ya Stanley, aliyemdai mzungu mara tatu ya hizi, ndugu wa mfalme.

"Mfalme gani?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nililipia doti moja kwa aibu nikaondoka.

Nguo zile za Stanley zilikuwa zimetoka mbali. Merikani ilibeba jina la ilikofumwa, ikashukia Unguja, ikapita forodhani kwa sultani, ikabebwa vichwani miezi hadi Unyanyembe, ndipo ikafika Uha. Na sultani wa Unguja mwaka 1871 alikuwa Barghash bin Said, aliyekalia kiti mwaka mmoja tu kabla. Kabla ya hapo alikuwa nani? Ndugu wa mfalme. Kwa miaka 14 alikuwa ndugu wa Sultani Majid, na mwaka 1859 alijaribu kumpindua, akashindwa, akapelekwa mji wa Bombay. Mtu aliyekuwa akikusanya ushuru wa nguo upande mmoja wa barabara na mtu aliyekuwa akizidai upande wa pili walikuwa na cheo kile kile cha kuzaliwa. Tofauti yao kubwa, kwa mhakiki, ni kwamba yule wa Unguja alikuwa na dada anayejua kuandika.

Salme binti Said alizaliwa katika kasri la Bet il Mtoni mwaka 1844. Kuandika alijifundisha kwa siri, kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomtia matatani: katika njama ya 1859, Barghash na dada zake walipohitaji mtu wa kuandika barua, kalamu ilikuwa mkononi mwa binti wa miaka 15. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Wakati Stanley anapiga kelele hemani Uha, Salme alikuwa mjane wa mwaka mmoja Ujerumani; mumewe alikuwa ameuawa na ajali ya tramu mwaka 1870. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na kichwa chake kinamwita binti mfalme wa Kiarabu, bila jina. Hata yeye, kwenye jalada, alianza kwa kuwa cheo tu.

Ndani, hata hivyo, kuna sura ambayo ningependa kila anayeandika habari za koo za kifalme aisome. Seyyid Said, baba yao, alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36. Historia inawataka watatu au wanne: Thuwaini wa Oman, Majid, Barghash, labda Khalifa. Salme anawataka wale wengine. Anawaandikia wasifu mfupi mfupi, mmoja mmoja, na katika wasifu huo kuna kanuni anayoirudia hadi inakuwa kama bahari ya shairi: kwanza mama, ametoka nchi gani, kisha sura, kisha kipaji au kasoro, mwisho kilichompata, ambacho aghalabu ni kifo. Kwa umbo ni tanzia iliyochanganyika na umbea wa nyumbani, na umbea ndio unaoiokoa. Tanzia peke yake ingesema dada yake Khole alikuwa mzuri. Umbea unasema kwamba siku moja, wanaume wakicheza mchezo wa silaha chini ya kasri, Mmanga mmoja aliinua macho akamwona Khole dirishani, akajichoma mguu kwa mkuki wake mwenyewe, na asijue kuwa anavuja damu hadi alipoambiwa.

Angalia mbinu hiyo. Uzuri wa Khole hauelezwi. Hatupewi pua wala nywele. Tunapewa mguu wa mtu mwingine. Mwandishi amekwepa msamiati wote uliochoka wa kusifia wanawake, akatuonyesha jeraha. Na angalia kwamba aliyejeruhiwa hana jina; hapa ni mgeni ndiye anayegeuka stakabadhi ya uzuri wa mtoto wa mfalme. Ni kinyume kabisa cha ukurasa wa Stanley.

Au Nunu, aliyezaliwa kipofu. Mwandishi mwingine angemfanya mtoto wa kuhurumiwa. Salme anatupa mtukutu, anayevunja kila kinachofikiwa na mikono yake, mtoto ambaye nyumba nzima inamkimbia. Kisha anafiwa na mama, na dada mmoja, kwa mshangao wa wote, anamchukua na kuishi naye. Huruma inakuja baada ya ukorofi, si kabla, na kwa mpangilio huo inaaminika. Au Hilal, aliyezama katika ulevi, akatengwa na baba yake na kufia Aden mwaka 1851. Dada yake anamsimulia kwa sauti ya mtu anayefunga mlango polepole ili waliolala wasiamke. Hawa si watu waliobadilisha kitu. Hawakupigana vita ya maana wala kuacha sheria. Wapo kwa sababu mtu aliyewahi kukaa nao alikumbuka.

Nisiupake sukari ukurasa huo. Kanuni yake ya kuanza na mama ina upofu wake. Masuria wana nchi zao: huyu wa Circassia, huyu Mhabeshi, huyu wa Mesopotamia. Watumishi weusi waliowalea watoto hao wote hawana nchi, na wengi hawana jina, ila ni kundi linalobeba maji nyuma ya simulizi. Kitabu hicho hicho kina sura nzima inayoutetea utumwa, na utetezi huo ni mbaya kimaadili na dhaifu kisanaa. Ndipo mahali ambapo Salme anaacha kutazama na kuanza kuhubiri. Walioletwa kutoka bara, pengine kwa njia zile zile zilizopita Ujiji, wamo kwake kama ndugu wa mfalme alivyomo kwa Stanley. Kila umbo huangaza lilipoelekezwa.

Lakini umbo lake linatuonyesha tulichokikosa huku. Mfalme anatosheka na orodha. Ndugu yake anahitaji kisa. Orodha ya wafalme ni umbo linalokubali mtu mmoja kwa kila mstari. Mstari ukijaa, ndugu, dada, shangazi na mama wamemwagika nje. Buha tulikuwa na nyumba kadhaa za kifalme, Heru, Ruguru, Bushingo, Muhambwe, Buyungu, Bujiji, na karibu yote yanayorudiwa kuandikwa juu yake ni ya aina hiyo, fulani akamfuata fulani.

Mbaya zaidi, majina yenyewe yanajirudia. Chukua Ntare. Intare ni simba, kwa Kirundi na kwa sikio la Mha yeyote. Ni jina la kiti kabla ya kuwa la mtu, na limekaa pande zote mbili za mpaka. Simulizi za Burundi zinazoitwa za Nkoma, ambazo mwanahistoria Jan Vansina alizitenga mwaka 1972 na zile za Kanyaru, zinamleta mwanzilishi wa utawala wa kule, Ntare Rushatsi, kutoka upande wa Buha. Ni kisa cha mtu wa pembeni: kijana asiye na nafasi kwao, anavuka, anakuwa mfalme kwingine. Simulizi za mdomo nazo zina masharti yake kwa watoto wadogo wa ikulu. Zitakutaja kama utahama na kufanikiwa. Ukibaki nyumbani ukiwa mdogo wa mfalme, hata ukiishi miaka 80 na kulea ukoo mzima, huna kisa.

Warundi walikuwa na dawa moja ya marudio hayo, lakabu. Ntare Rushatsi si Ntare Rugamba. Mwezi wa vita na Wajerumani ni Gisabo. Mwambutsa ni Bangiricenge. Lakabu ndiyo pua na macho ya mfalme. Wakaja waandishi wa kizungu na tarakimu za Kirumi, na tarakimu hazina pua. Kule taji liliangushwa mwaka 1966 likiwa kichwani pa Ntare wa tano. Huku kwetu uchifu ulikuwa umefutwa miaka mitatu kabla, na jina linalotajwa mwishoni mwa orodha ya Heru ni Ntare wa sita.

Jina hilo ningependa kulisoma polepole kama beti: Mwami Theresa Ntare VI. Maneno matatu na tarakimu. Mwami, yaani mfalme, cheo kisichojali jinsia, maana Kiha, kama Kiswahili, hakina ngeli ya kumtenga mke na mume. Theresa, jina la ubatizo, lililokuja na wamisionari, na ndilo neno pekee katika mstari mzima linalotuambia kwamba huyu ni mwanamke. Ntare, simba, bila nyongeza yoyote ya kumfanya simba jike. VI, madai kwamba kuna watano waliotangulia na kwamba yeye anasimama mstari mmoja nao. Bibi huyu alikalia kiti cha Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na jina lake lilimpokea bila kupinda hata silabi moja. Naliona kuwa ushairi bora zaidi wa kisiasa uliowahi kutoka Kasulu, na hakuna aliyekusudia kuuandika.

Lakini hata mstari huo mzuri ni mstari wa orodha. Unatupa mabinti wangapi waliokuwa pamoja naye? Nani alikaa naye usiku wa kwanza wa kiti? Ndugu zake wa kiume walimtazamaje? Unaweza kulikariri jina lote, na tarakimu yake, usipate hata mtu mmoja wa kunywa naye chai.

Kumbukumbu nyingine za ufalme zimehamia mahali pasipotarajiwa, kwenye karatasi za uchaguzi. Kibondo inapeleka mbunge wa Muhambwe. Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ilikuwa ikipeleka wa Buyungu hadi jina la jimbo lilipobadilishwa mwaka 2025. Mei 2021, ulipofanyika uchaguzi mdogo, redio zilitaja Muhambwe asubuhi na jioni, na sidhani msikilizaji mmoja kati ya mia wa nje ya mkoa huu alijua anasikia jina la ufalme. Heru haikupata jimbo. Imebaki kwenye kata: Heru Juu katika mji wa Kasulu, na Heru Ushingo nje ya mji, ambako falme mbili zimebanwa ndani ya jina la kata moja kama abiria wa basi la Kibondo siku ya gulio. Yote hayo ni majina ya mahali. Mahali hapana ndugu.

Unguja, Salme alitengewa chumba chake katika Makumbusho ya Kasri, na wageni wanaulizia habari zake kwa jina. Sidai chumba Kasulu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na muda wake unakwisha, kwa sababu waliosikia visa vya nyumba za wami kutoka kwa watu waliokaa humo wamezeeka sana. Wanafunzi wetu wanapotumwa kwa wazee kukusanya historia, wanarudi na orodha, kwa kuwa swali waliloenda nalo ni la orodha: nani alitawala, akafuatiwa na nani. Ningewapa swali la Salme. Mama yake alitoka wapi? Alikuwa hodari wa nini? Nani alimcheka? Alikufaje?

Na swali la kwangu ni moja. Katika nchi iliyokatwa na njia ya zamani ya Ujiji, mwaka 1871, palikuwa na kijiji cha mtu wa nyumba ya mfalme ambaye msafara wa mzungu ulimtoroka usiku. Kisa kama hicho hakisahauliki katika familia. Mtu aliyetorokwa na deni hulisimulia hadi kwa vitukuu. Nakala yangu ya Stanley ina nafasi ya kutosha pembeni mwa ukurasa ule, na penseli ninayo. Mwenye jina lake, na la mama yake kama lipo, aniletee.